Waraka kwa Wanachama: Kabla Hujalipia Udaktari wa Visiwani

Kwa: Wanachama wote wa chama chetu cha wauguzi na watumishi wa afya Waswahili tuishio Marekani
Kutoka: Katibu
Yah: Vyuo vya udaktari vya Karibiani na mawakala wake

 

Mliohudhuria mkusanyiko wetu uliopita mliiona ile meza iliyokuwa karibu na sehemu ya chakula, yenye kitambaa cha buluu, kalamu za bure na kijana wa suti anayezungumza Kiswahili safi. Kamati haikumwalika. Aliletwa na mwanachama mwenzetu, akapewa kona, na kabla sufuria la pilau halijafika nusu alikuwa amejaza karatasi mbili za majina na namba za simu. Baadaye tukapata habari kwamba baadhi yenu mlimtumia palepale pesa ya kushika nafasi ya muhula wa Januari, katika chuo cha udaktari kilichoko kisiwani, Karibiani. Kamati imenituma niwaandikie. Ningeweza kuandika katazo la mstari mmoja na kugonga muhuri, lakini humu chamani kuna watu waliolea watoto wao na wa ndugu zao kwa mshahara wa zamu za usiku. Mtu wa namna hiyo anastahili kupewa sababu, kisha aamue mwenyewe.

Nianze na sisi wenyewe, maana wakala yule hakupotea njia akaangukia kwetu. Anatujua. Anajua kwamba wengi wetu tulianza kwa kuogesha wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, tukapanda darasa moja moja mpaka uuguzi kamili. Anajua kwamba saa tisa za usiku unampigia simu daktari kijana aliye zamu, naye anakuuliza wewe ampe mgonjwa nini. Anajua kwamba kule nyumbani, Tanga au Kisumu au Bukavu, tayari wanakuita daktari, na kila unapokwenda likizo unapimishwa presha ya mtaa mzima. Kiu ya kuwa daktari kweli haikosekani. Ukitazama vyuo vya udaktari vya hapa Marekani, unakuta mtihani wa kuingilia wa MCAT, masomo ya sayansi uliyoyasoma miaka ishirini iliyopita, na ushindani wa vijana wasio na watoto wala mkopo wa nyumba. Hapo ndipo anapokuja mtu na kukwambia: kuna chuo, MCAT hawataki, umri hawaulizi, wanapokea Januari, Mei na Septemba, na kazi huna haja ya kuacha.

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja sawa ili nisije nikaonekana natukana visiwa vya watu. Karibiani ina udaktari wake wa heshima. Chuo Kikuu cha West Indies kilianza Mona, Jamaica, mwaka 1948, na madaktari wake ndio wanaowatibu watu wa visiwa hivyo mpaka leo. Cuba ilifungua shule yake ya kimataifa ya udaktari, ELAM, mwaka 1999, na imesomesha vijana wa nchi maskini kwa ufadhili, wakiwemo Waafrika. Ninachozungumzia ni aina nyingine ya chuo: cha watu binafsi, kimejengwa kisiwani lakini wanafunzi wake si wa kisiwa, ofisi yake ya fedha mara nyingi iko Marekani, na lengo lake ni kumrudisha mwanafunzi Marekani. Biashara hii ilipata nguvu miaka ya 1970, vyuo vya hapa vilipokuwa vikikataa maelfu ya waombaji. St. George's ilianzishwa Grenada mwaka 1976. Ross kule Dominica na American University of the Caribbean kule Montserrat zikafuata mwaka 1978. Vyuo hivyo vitatu vimetoa madaktari wengi wanaofanya kazi katika hospitali zetu, na huenda mmoja wao ndiye anayekusainia dawa leo usiku. Kwa hiyo sisemi kwamba kila chuo cha kisiwani ni utapeli. Nasema kwamba nyuma ya hivyo vichache vinavyofahamika kuna msururu mrefu wa majina yanayofanana navyo makusudi, yenye neno "American" au "International" ndani yake, na humo ndimo watu wetu wanamopotelea.

Utapeli wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1984 serikali ya Jamhuri ya Dominika ilivifunga vyuo viwili, CETEC na CIFAS, vilivyokuwa vikiuza shahada za udaktari. Desemba ya mwaka huohuo kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Claude Pepper ilisikiliza ushahidi kuhusu shahada bandia, na miongoni mwa walioketi mbele yake ni dalali Pedro de Mesones, aliyekuwa amefungwa kwa kazi hiyohiyo ya kuwatafutia watu vyeti. Miaka ya 2000 kikazuka chuo cha St. Christopher, ambacho kwenye karatasi kilikuwa cha Dakar, Senegal, ilhali wanafunzi walikuwa wakifundishwa Luton, Uingereza. Baraza la Madaktari la Uingereza likakataa kuipokea shahada yake, na waliokuwa wamekwisha kulipa wakabaki na deni na vitabu. Nasi wauguzi tusijifanye hatuhusiki: Januari 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuwashitaki watu 25 kwa kuuza zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi kutoka shule tatu za Florida. Mnakumbuka hofu iliyotanda mawodini wiki ile, kila mtu akiulizwa na meneja wake alisoma wapi, na hata waliosoma kwa jasho wakatazamwa kwa jicho la pembeni kwa sababu tu ya lafudhi yao.

Lakini huyo wa kuuza cheti mkononi ni rahisi kumjua. Anayetusumbua leo ana jengo, ana leseni ya serikali ya kisiwa, ana walimu, na jina la chuo chake ukilitafuta unalikuta kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari. Mwanachama mmoja alinijibu hivyo nilipomwonya: "Katibu, nimekiona kwenye orodha." Orodha hiyo, inayoendeshwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari pamoja na taasisi ya FAIMER, haitoi ithibati. Yenyewe inasema hivyo. Chuo huingia humo baada ya serikali ya nchi kilipo kuthibitisha kwamba kipo. Ubora wa mafundisho ni kazi ya chombo cha ithibati, na kwa Karibiani chombo kinachojulikana zaidi ni CAAM-HP, kilichoanzishwa na nchi za jumuiya ya Karibiani, CARICOM, na kutambuliwa na Shirikisho hilo mwaka 2012, cha kwanza duniani kupata utambuzi huo. Tovuti yake iko wazi kwa kila mtu. Inaonyesha nani amepewa ithibati, nani amepewa kwa masharti, nani amenyang'anywa. Vipo pia vyombo vingine vinavyotambuliwa, na wakala akikutajia jina la chombo usichokijua, angalia kwanza kama Shirikisho linakitambua. Zipo "bodi za ithibati" ambazo hazina kingine zaidi ya nembo na sanduku la posta.

Sasa niwaombe mvute subira kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha waraka huu, na pana hesabu.

Aprili 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliipeleka mahakamani kampuni ya Illinois inayoendesha chuo cha udaktari cha Saint James, chenye kampasi Anguilla na St. Vincent. Chuo kilikuwa kikitangaza kwamba wanafunzi wake waliofaulu mtihani wa leseni, USMLE Step 1, ni asilimia 96.77. Zingatieni hizo nukta na tarakimu zake: tangazo la uongo likiwa na desimali linaonekana limepimwa maabara. Kwa mujibu wa FTC, tangu 2017 waliofaulu miongoni mwa wanafunzi waliomaliza masomo yanayotakiwa kabla ya mtihani walikuwa asilimia 35 tu. Chuo kilitangaza pia kwamba asilimia 83 ya wahitimu wake wanapata nafasi ya mafunzo ya ubingwa hospitalini. FTC ikasema wastani halisi tangu 2018 ni asilimia 63. Kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 1.2, fedha za kuwarudishia wanafunzi na kuwafutia madeni.

Pengo la kutoka 96.77 hadi 35 linawezaje kutokea? Chukueni mfano wa kubuni. Wanafunzi mia moja wanaanza Januari. Thelathini wanaondoka au wanafukuzwa kabla ya mwaka wa pili. Thelathini wengine wanamaliza masomo ya darasani, lakini chuo kina mtihani wake wa ndani ambao lazima uupite ndipo kikuruhusu kujisajili kwa Step 1, nao hawaupiti. Wanarudia muhula, wanalipa tena, wanarudia tena. Wanabaki arobaini. Hao arobaini wanaruhusiwa, thelathini na sita wanafaulu, na bango la chuo linaandikwa kwa herufi kubwa: ufaulu asilimia 90. Chuo hakikudanganya tarakimu yoyote hapo. Kilichofanyika ni kuwaondoa watu sitini kwenye hesabu baada ya kuwatoza ada. Uwezekano wako wewe, unayejaza fomu leo, ni 36 kwa mia, na hakuna mtu mezani pale atakayekutajia namba hiyo.

Katika vyuo vya udaktari vya Marekani wanaoacha bila kumaliza hawafiki hata watano kwa mia, kwa hiyo chuo hakina haja ya kukuficha walioanza walikuwa wangapi. Chuo cha kisiwani kinachopokea makundi matatu kwa mwaka kinaishi kwa ada ya mwaka wa kwanza. Mtu akifeli, kiti chake kinajazwa muhula unaofuata. Kwa mwenye chuo, mwanafunzi anayerudia muhula mara mbili ana faida kuliko yule anayepita moja kwa moja. Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini hawaulizi MCAT.

Kwa hiyo, ukibakiwa na nguvu ya kuuliza swali moja tu, uliza hili: kati ya wote walioanza miaka sita iliyopita, wangapi leo wako kwenye mafunzo ya ubingwa? Taka jibu kwa maandishi. Akikupa asilimia, mwambie akupe idadi ya watu. Akikuonyesha picha za wahitimu waliovaa joho, mhesabie, kisha umuulize walioanza nao wako wapi.

Liko suala la hospitali. Miaka miwili ya mwisho ya udaktari ni ya wodini, na hapo kisiwa hakitoshi. Anguilla ina watu kama 15,000. Saba haifiki 2,500. Montserrat, baada ya volkano ya Soufrière Hills kulipuka mwaka 1995 na mji mkuu wa Plymouth kuachwa, ina watu chini ya 5,000. Wagonjwa wa kuwafundishia mamia ya wanafunzi watatoka wapi? Ndiyo maana vyuo hivi hununua nafasi katika hospitali za Marekani. Wenye fedha hununua kwa jumla: St. George's iliingia mkataba wa miaka 10 na hospitali za umma za jiji la New York, wa kufikia dola milioni 100. Chuo kidogo hakina ubavu huo. Kinakwambia "tuna hospitali washirika," kumbe ni zahanati ya daktari mmoja mjini Chicago au Houston anayelipwa kwa kichwa, au wewe mwenyewe unakabidhiwa orodha ya simu ujitafutie. Bodi za leseni za baadhi ya majimbo zinayakataa mafunzo ya namna hiyo, na unakuja kulijua hilo siku unayoomba leseni.

Na wale wanaowaambia someni wikiendi hapahapa mjini, kisiwa ni cha kwenye cheti tu, wasikilizeni kwa makini, kwa sababu jambo hilo limekwisha kufika mahakamani. Kipo chuo kilichosajiliwa Montserrat, University of Science, Arts and Technology. ECFMG, chombo cha Philadelphia kinachohakiki vyeti vya madaktari waliosoma nje, kilidai kwamba watu walioandika kuwa walisoma Montserrat hawakuwa wamesoma huko. Mkuu wa chuo akakishitaki chombo hicho. Akashindwa mwaka 2019, na akashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2020. Kwa mwanafunzi maana yake ni nzito kuliko ada aliyopoteza. Bila cheti cha ECFMG mtu aliyesoma nje hapati nafasi ya mafunzo ya ubingwa wala leseni. Ukisaini fomu kwamba ulikuwa kisiwani siku ambazo kadi yako ya kazi inaonyesha ulikuwa zamu Minneapolis, uongo huo ni wako, una sahihi yako, na leseni yako ya uuguzi nayo inaingia hatarini. Kwa mwanachama mwenye viza au anayesubiri uraia, sina haja ya kueleza zaidi.

Kwa idhini ya mhusika, nawasimulia lililompata mwenzetu mmoja, muuguzi wa wodi ya kusafisha figo. Jina lake na la chuo nayahifadhi. Aliacha kazi, akauza gari, akaenda kisiwani. Chuo kilikuwa ghorofa moja juu ya duka la vyakula. Somo la anatomia lilikuwa video zilizorekodiwa, maiti wa kujifunzia hawakuwepo, na mwalimu wa dawa alibadilika mara mbili katika muhula mmoja. Alifeli mtihani wa ndani kwa alama chache, akarudia kwa kulipa, akafeli tena kwa alama chache zilezile. Alipoomba nakala ya matokeo ahamie kwingine, wakamwambia alipe kwanza salio ambalo hakuwahi kulisikia, likiwemo la nyumba ya chuo katika miezi ambayo hakulala humo. Mkopo wake aliupata kwa kampuni aliyoelekezwa na chuo chenyewe. Amerudi, anafanya zamu za usiku, na sehemu ya mshahara wake kila mwezi inakwenda kulipia udaktari ambao haupo. Anasema kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyemtambulisha kwa wakala alikuwa rafiki yake wa kanisani, na baadaye akagundua kwamba rafiki huyo alilipwa.

Hapo nisimame. Mawakala hawa hulipwa kamisheni kwa kila kichwa, nao humega kidogo wakampa anayewaingiza kwenye harusi zetu, misiba yetu, misikiti na makanisa yetu, na makundi yetu ya WhatsApp. Wapo miongoni mwetu wanaoipokea. Kamati inayo majina mawili na haitayataja hapa. Sisemi kwamba kila aliyepokea alikuwa na nia mbaya. Wengine waliambiwa wanawasaidia wenzao, wakaamini. Lakini mtu anayekushauri huku akilipwa kwa kukushauri, na hakwambii, amekuuza. Neno hilo ni kali na nimeliandika kwa makusudi. Imani tuliyonayo sisi kwa sisi katika nchi hii ya ugeni ndiyo inayotupatia michango ya kusafirisha maiti usiku kwa usiku. Mtu akiigeuza imani hiyo kuwa njia ya kumletea mwenye chuo wateja, tusimwite mjasiriamali.

Juu ya mikopo niongeze hili. Chuo cha nje kikitaka wanafunzi wake wapate mkopo wa serikali ya Marekani, sheria inakidai, miongoni mwa mengine, ufaulu usiopungua asilimia 75 katika mitihani ya leseni. Vyuo vichache tu vya visiwani vimefika hapo. Kwa hiyo uliza: wanafunzi wenu wanapata mkopo wa serikali? Jibu likiwa "tuna mpango wetu wenyewe wa malipo," jua kwamba mkopeshaji na muuzaji ni mtu yuleyule. Katika kesi ya Saint James, FTC ilishitaki pia kampuni ya mikopo iliyohusiana na chuo, ambayo mikataba yake haikuwa na tangazo la kisheria linalomlinda mkopaji iwapo muuzaji amemdanganya. Na kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kwa wanaoanza masomo ya udaktari unawekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Tarajieni mawakala wa mikopo binafsi kuongezeka, na maneno yao kuwa matamu zaidi.

Wengine hamjisomei wenyewe, mnasomesha. Mpwa amemaliza sekondari Moshi au Mombasa, shangazi yuko Marekani, na wakala ameshaongea na mama mtu. Tafadhali, kabla hujatuma hata dola moja, mambo ya kule yaanze kule. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje, na inasajili mawakala wanaopeleka wanafunzi nje ya nchi; wakala asiyesajiliwa hana la kukwambia. Baada ya masomo, kijana atasimama mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na huko waliosoma nje wana mtihani wao kabla ya mafunzo ya vitendo. Muulize wakala mhitimu gani wa chuo chake amepita hapo. India, ambayo imepoteza vijana wengi kwa njia hii, iliweka kanuni mwaka 2021: masomo yasipungue miezi 54, mafunzo ya vitendo ya miezi 12 yafanyike katika chuo hichohicho, na mhitimu awe na haki ya kusajiliwa kama daktari katika nchi iliyompa shahada. Kipengele hiki cha mwisho nakipenda sana. Kama watu wa kisiwa hawamruhusu mhitimu wa chuo kilichoko kwao kuwashika hata mkono wao wenyewe, mama yako Tabora amekosa nini mpaka awe wa kwanza kutibiwa naye?

Kwa wale ambao tayari mko ndani, waraka huu haukuandikwa kuwacheka. Kama umelipa pesa ya kushika nafasi tu, andika barua ya kujitoa leo, kwa baruapepe, na utunze nakala. Kama ulilipa kwa kadi, wasiliana na benki yako upinge malipo hayo mapema, maana muda wa kupinga una mwisho. Kama umeanza masomo, omba nakala ya matokeo sasa hivi wakati huna deni, wala usingoje siku ya ugomvi. Weka matangazo yote waliyokutumia, na ujumbe wa simu, na rekodi ya ahadi walizoandika. Hivyo ndivyo vitu FTC na mwanasheria mkuu wa jimbo lako wanavyovitaka unapopeleka malalamiko. Usisaini karatasi yoyote inayosema ulikuwa mahali ambapo hukuwa. Na kama umefeli mtihani wa ndani mara mbili, njoo tuzungumze kabla hujalipia mara ya tatu. Tunao wanachama waliokatisha, wakasoma uuguzi wa ngazi ya juu hapahapa, na leo wanaandika dawa kwa leseni yao wenyewe. Hakuna aliyewadharau.

Hata kwa chuo kizuri, jueni mlango wenyewe ni mwembamba. Wahitimu wa vyuo vya Marekani wanaopata nafasi ya mafunzo ya ubingwa kila Machi ni zaidi ya tisa kwa kumi. Kwa waliosoma nje ambao si raia wa Marekani ni kama sita kwa kumi, na hao ni wale waliofika hatua ya kuomba. Mwenye moyo na akiba na umri wa kulibeba hilo, akachagua chuo chenye ithibati inayotambulika, chama kitamwombea heri na kumchangia vitabu.

Kamati imeamua yafuatayo, nayo yameanza kutumika. Hakuna wakala wa chuo chochote atakayewekewa meza, kupewa kipaza sauti wala kuruhusiwa kugawa vipeperushi katika shughuli za chama, awe wa kisiwani au wa kwingine. Matangazo ya vyuo kwenye kundi letu la WhatsApp yatafutwa na aliyeyaweka ataulizwa. Mwanachama anayepokea kamisheni ya kuingiza wanafunzi popote anatakiwa kuieleza kamati kabla ya mkutano mkuu. Atakayesema mwenyewe atasikilizwa, atakayefichuliwa hatagombea uongozi. Madaktari watatu wanachama wetu, wawili kati yao waliosoma visiwani wenyewe, wamejitolea kusoma mkataba wa chuo wa mwanachama yeyote bila malipo na kwa siri.

Basi ukiwa na karatasi ya chuo mkononi, yako au ya mtoto wa ndugu yako, niletee kabla hujasaini. Usikimbizwe na wakala anayesema ofa yake inakwisha wiki hii. Simu yangu mnayo, na nikiwa zamu andika ujumbe nitajibu asubuhi.

Wenu katika kazi,
Katibu